Dennis Farina hakuwa akijiigiza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika juma lililopita kuhusu filamu za kipolisi. Alisema mtu aliyeacha kazi yake na kuingia kwenye filamu haigizi, anajiigiza. Mfano aliotoa ni Dennis Farina, yule Mmarekani wa mvi na masharubu, akamaliza kwa kusema kwamba polisi kucheza polisi si kipaji. Mimi nimevaa magwanda miaka ishirini na saba, mingi kati ya hiyo nikiwa askari kanzu, na filamu za mtu huyu nimezitazama tangu enzi za kanda na deki. Barua ile imeniuma.

Farina alizaliwa Chicago tarehe 29 Februari 1944, kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa daktari aliyehamia Marekani kutoka Sicilia. Alitumikia jeshi miaka mitatu, na mwaka 1967 akaingia polisi ya jiji lake. Huko alikaa miaka 18, akafikia upelelezi katika kitengo cha wizi wa kuvunja. Atakayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kukesha kwenye gari lililozimwa taa, akisubiri mtu ambaye huenda asije. Kesi za kuvunja hazina sifa. Ni alama ya tindo kwenye fremu ya mlango, ni orodha ya vitu vilivyoibwa, ni kwenda kwa mnunuzi wa mali ya wizi mara kumi ili siku moja ajisahau kidogo katika maneno yake.

Aliyemfikisha kwenye filamu ni mpelelezi mwenzake wa Chicago, Chuck Adamson, aliyemkutanisha na mwongozaji Michael Mann. Mann alikuwa akitayarisha Thief, filamu iliyotoka mwaka 1981 kuhusu fundi wa kufungua makasha ya fedha, na alitaka watu wanaoijua kazi hiyo kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo akachukua polisi, akachukua na wezi. Mmoja wa wezi hao, John Santucci, alikuwa mwizi kwelikweli wa Chicago.

Hapa ndipo namwomba ndugu yangu msomaji anisikilize vizuri. Katika filamu ile Farina, polisi aliyekuwa bado kazini, alipewa nafasi ya Carl, mpambe wa bosi wa genge. Santucci, mwizi, akapewa nafasi ya askari fisadi anayemfuata mhalifu kudai mgao wake. Kama ingekuwa kujiigiza, wangebadilishana nafasi. Miaka mitano baadaye wote wawili walikuwa pamoja tena kwenye tamthilia ya televisheni Crime Story, ambayo Adamson alikuwa mmoja wa waliobuni kisa chake. Safari hiyo Farina ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi, Luteni Mike Torello, na Santucci alikuwa kibaraka wa genge. Watu waliotoka pande mbili za meza ya mahojiano, sasa wanakula mshahara wa kazi moja. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi.

Lakini nafasi iliyonifanya nimpende si ya polisi hata kidogo. Ni ya Jimmy Serrano katika Midnight Run ya mwaka 1988. Serrano ni bosi wa wahalifu aliyetoka Chicago akahamia Las Vegas. Anayepambana naye ni Robert De Niro, anayecheza mtu aliyewahi kuwa polisi wa Chicago na kuondoka kazini kwa sababu alikataa hongo ya huyu huyu Serrano. Yaani mwigizaji wa kuzaliwa anacheza polisi wa Chicago, na polisi wa Chicago wa kweli anacheza mtu aliyewanunua polisi wa Chicago! Farina hakumfanya Serrano kuwa jini. Alimpa suti nzuri, nywele zilizochanwa, na hasira ya mtu ambaye mhasibu wake mwenyewe amemwibia dola milioni 15. Unacheka, halafu unajishtukia kwamba unamcheka mtu anayeweza kukuua.

Ule si ukatili wa kubuni mezani. Ni wa kuokota. Katika miaka yangu niliketi mbele ya majambazi wengi, na wakali wa kweli hawakupiga kelele. Walijua majina ya watoto wangu. Waliniuliza kama mama amepona mguu. Ukitaka kumwigiza mtu wa aina hiyo, lazima uwe umewahi kukaa naye chumba kimoja, umesikia baridi ikikupanda mgongoni, na bado ukaendelea kuandika maelezo kama vile hujasikia kitu.

Na ndugu yangu afahamu kwamba polisi huigiza kila siku ya kazi. Nilikuwa na mkuu wangu mmoja wa upelelezi, sasa ni marehemu. Alipoletewa mtuhumiwa mkaidi alikunja gazeti polepole, akaagiza chai mbili, akaanza kuuliza habari za mavuno kijijini kwao. Hakuuliza kuhusu wizi. Nusu saa, dakika arobaini, mavuno tu. Ndani yake alikuwa anawaka, kwa sababu mlinzi aliyepigwa nondo alikuwa hospitalini hajitambui, lakini usoni ungeona babu anayezungumza na mjukuu. Mtuhumiwa alianza kusema mwenyewe. Sijaona mwigizaji aliyemshinda mzee yule, na hakuwahi kupigiwa makofi na mtu. Ninapomtazama Farina, ninachokiona ni utulivu ule ule wa mtu asiye na haraka kwa sababu amekwisha kukuelewa.

Mtazameni katika Out of Sight ya mwaka 1998. Anacheza Marshall Sisco, mzee aliyefanya kazi ya usalama, ambaye binti yake naye ni askari wa serikali kuu. Zawadi anayompa bintiye siku ya kuzaliwa ni bastola, na anaitoa kwa mapenzi kabisa, kama baba mwingine angetoa hereni. Baadaye anakuja rafiki wa binti, askari wa FBI, kavaa fulana yenye herufi za ofisi yake kifuani. Mzee anamwuliza kwa upole kama anayo nyingine iliyoandikwa kwamba yuko kwenye kazi ya siri. Hapandishi sauti, wala haonyeshi kwamba ametania. Mwaka huo huo alikuwa kwenye filamu ya vita Saving Private Ryan, akiwa ofisa anayemkabidhi Kapteni Miller kazi ya kwenda kumtafuta Ryan. Anaonekana kwa dakika chache tu, lakini kazi yote inayoendesha filamu ile ya karibu saa tatu inatoka mdomoni mwake. Asipoaminika yeye pale, hakuna kitakachoaminika mbele.

Wala hakubahatika tu kwa kufahamiana na mwongozaji. Mwaka 1982, angali polisi, alipanda jukwaani katika jumba la Steppenwolf pale Chicago, kwenye mchezo wa kuigiza ulioongozwa na John Malkovich. Jukwaani hakuna wa kukukatia picha urudie. Mtu anayetoka zamu akaenda mazoezini, kisha akarudi zamu, anajifunza kazi. Aliacha upolisi mwaka 1985, umri wake miaka 41. Katika umri huo wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuanza kuhesabu kiinua mgongo.

Sisemi haya kulisafisha jeshi alilotoka. Katika miaka hiyo hiyo, katika polisi hiyo hiyo ya Chicago, kulikuwa na kamanda Jon Burge, ambaye kikosi chake kilitesa watuhumiwa weusi, na ambaye alikuja kutiwa hatiani mwaka 2010 kwa kusema uongo chini ya kiapo kuhusu mateso hayo. Mtu aliyewahi kushika virungu asiyeyataja mambo haya anapoandika habari za polisi ananitia mashaka. Ninachompendea Torello wa Farina ni kwamba si malaika. Hasira yake inavunja ndoa yake mbele ya macho yetu, na inampeleka mahali ambapo sheria haimruhusu. Farina hakumtetea wala hakumpamba.

Kwenye tamthilia ya televisheni Law & Order, kati ya mwaka 2004 na 2006, alishika nafasi iliyoachwa wazi na Jerry Orbach, aliyependwa mno na watazamaji. Alikuja na Joe Fontana, mpelelezi wa suti za bei na noti nene mfukoni. Binafsi sikumpenda sana Fontana. Namtaja kwa sababu hafanani na Torello, na wote wawili ni wapelelezi waliochezwa na mtu mmoja.

Mara ya kwanza kumwona, nilikuwa kijana kwenye kibanda cha video, benchi za mbao, jasho, na deki iliyokuwa ikila kanda. Filamu ilikuwa Code of Silence ya Chuck Norris. Kelele zote zilikuwa za Norris, maana stelingi ni stelingi. Mimi nilimfuata kwa macho yule mpelelezi mwenzake, Dorato, nikajiuliza mbona huyu anasimama kama askari. Sikujua jina lake. Sikujua kwamba mwaka ule ule filamu ilipotoka, 1985, ndio alikuwa anarudisha kitambulisho chake.

Alifariki tarehe 22 Julai 2013 huko Scottsdale, Arizona, kwa damu iliyoganda kwenye pafu, akiwa na miaka 69. Miaka miwili kabla alikuwa amepata nafasi ya kuwa stelingi mwenyewe, katika The Last Rites of Joe May. Joe ni mzee tapeli wa vijisenti, Chicago tena, anayetoka hospitali na kukuta chumba chake kimepangishwa kwa mama mmoja na bintiye, kwa kuwa watu walidhani amekufa. Hana pa kwenda na ni baridi. Farina hapo hana bastola, hana kitambulisho, hana genge la kumtii. Kabaki na koti na mwendo wake.

Mhariri, ukurasa wako wa filamu wa Jumapili huweka picha ya stelingi na majina mawili chini yake. Naomba siku moja uweke picha ya Joe May akiwa na koti lile, na ndugu yangu msomaji aitazame kabla hajaniandikia jibu.

Askari mstaafu,
Tanga.