Mlango wa chumbani bado unakwama

Rafiki yangu wa siku zote,

Barua yako ya rambirambi niliipata, nikaisoma mara mbili, nikashindwa kuijibu. Mama naye aliomba nimsomee. Nilipofika pale uliposema kwamba Baba ndiye mtu mzima wa kwanza kukukabidhi msumeno mkononi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwandikie kwamba alikuwa akimuulizia." Ni kweli, alikuulizia mpaka wiki ya mwisho.

Umetaka kujua aliishije baada ya kustaafu, maana ulipoondoka alikuwa bado kazini. Aliacha ajira akiwa na miaka 60, na 34 kati ya hiyo aliimaliza katika karakana ileile. Sisi watoto tulikaa tukakubaliana kwamba sasa mzee apumzike. Tukamnunulia kiti cha kuegemea. Akashukuru, akakikalia, akainuka, akakipindua miguu juu. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umelegea. Kesho yake saa 11 alfajiri tukaamshwa na sauti ya randa.

Nilimsumbua sana kwa hilo, na leo najuta. Nilidhani kazi ndiyo inayomchosha. Sikuona kwamba mikono yake ndiyo iliyokuwa ikisema yale ambayo mdomo wake haukuzoea kuyasema. Hata siku moja sikumsikia akimwambia Mama kwamba anampenda. Ila kila rafu ya jikoni ilikuwa kwenye kimo cha mkono wa Mama, na magoti yake yalipoanza kumsumbua, zile za chini zote zilipandishwa juu bila yeye kuomba.

Halafu wajukuu! Jumapili jioni alikuwa akiwapigia pasi sare zao za shule, zote, hafla au si hafla. Baba alimfundisha binti yangu mkubwa kunoa patasi. Nilisimama mlangoni nikiwatazama, wao hawakuniona. Alimshika viganja, akamwekea patasi juu ya jiwe, akamwambia ailaze kama nyuzi 25 na asiitikise. "Usitazame, sikiliza," alimwambia. "Ikilala sawasawa sauti inakuwa moja." Mtoto akafumba macho. Walikaa hivyo, mzee na mtoto, jiwe likisaga polepole, mpaka chai ikapoa.

Alikwenda usingizini, bila kuugua. Kuhusu mazishi nitakusimulia tukionana.

Ninachotaka kukueleza leo ni habari ya mlango. Unaukumbuka ule wa chumbani kwao? Mvua zilipoanza ukavimba, ukawa unakwama kwenye mwimo. Nikataka kuleta fundi aupige randa siku hiyohiyo. Baba akakataa. Akanieleza, kama alivyokuwa akitueleza mimi na wewe tukiwa wadogo, kwamba mbao hunywa unyevu na kutanuka kwa upana, kukatisha nyuzi zake, wala urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ukiukata ungali umevimba, kiangazi ukisinyaa utabaki na mwanya unaoingiza mkono. Basi akatoa penseli nyuma ya sikio, akapiga mstari mwembamba ubavuni, kuanzia kwenye kitasa hadi karibu na pembe ya juu, akasema atasubiri ukauke, aone kama bado unagusa.

Hakuwahi kuufikia huo ukavu. Ni miezi miwili sasa, na mvua zimekatika. Asubuhi hii nilikwenda kuuangalia. Umeanza kulegea, unakwama kidogo tu pale juu, karibu na pembe. Mstari wake upo, umenyooka kabisa, na mwishoni kuna alama ndogo ya kidole chenye vumbi la mbao. Binti yangu anasema yeye ndiye atakayepiga randa, kwa kuwa randa ya babu ameikuta ikiwa kali tayari. Mama hataki. Anasema usiku anapousukuma ule mlango ukagoma, humjia kana kwamba yupo mtu upande wa pili.

Lile sanduku alilokutengenezea ulipokwenda shule ya bweni bado unalo? Lile ambalo pembe zake zimeng'atana kama vidole, halina msumari hata mmoja. Kama unalo, njoo nalo utakapokuja. Mama angependa kulishika.

Ni mimi,
ndugu yako