Barua kwa Binti Yangu Aliyeniomba Radhi

Ngamiani, Tanga.

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mama yako goti linamsumbua kama kawaida yake ya miezi ya mvua, na kaka yako ameshamaliza habari ya mahari, kwa hiyo harusi iko pale pale tulipokwambia. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu najua simu inakuchosha, na mimi mwenyewe ni mtu ambaye maneno yake hufika yakiwa yamechelewa. Usiku ule ulipopiga kutoka Dodoma ukanieleza kwamba mtaalamu wa saikolojia, baada ya kukaa nawe mara nne, amekwambia kuwa una usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtu ahisi mambo na ahusiane na watu kwa namna tofauti, na kwamba mambo mengi uliyokuwa ukiyahesabu kuwa ubaya wa tabia yako yana jina na maelezo, nilinyamaza. Ukadhani nimekasirika. Ndipo ukasema, "Baba, nisamehe." Tangu siku hiyo neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, maana kila nikitafuta ni kosa gani nikusamehe, silioni.

Mimi nimekaa kwenye cherehani kwa miaka 31. Nimewapima watu wa kila umbo: mwenye bega moja lililoshuka, mwenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, bibi aliyepinda mgongo, kijana ambaye shingo yake haikukubali kola yoyote ya dukani. Hakuna hata mmoja aliyesimama mbele ya futi kamba yangu akaniomba radhi kwa vipimo vyake. Kazi ya fundi ni kukata kitambaa kimfuate mtu. Kwako wewe, niliyekuzaa, nilitaka mwili ukifuate kitambaa.

Huenda unaikumbuka sare yako ya darasa la kwanza, mwaka 2008. Ilikuwa blauzi nyeupe ya tetroni, nimeishona mwenyewe, kola imesimama na ovaloki imepita vizuri, nami nilijivunia kwamba mtoto wa fundi ataingia shule amependeza kuliko wote. Kila asubuhi ulilia wakati wa kufungwa kifungo cha juu. Ulisema inakuuma. Niliikagua blauzi ile ndani na nje nikitafuta pini niliyoisahau, sikuiona, nikakata shauri kwamba unadeka. Jumatano moja mama yako alikuvua akanionyesha shingo yako kwa nyuma: ngozi ilikuwa imechubuka, mstari mwekundu ulionyooka sawasawa na mshono wangu. Usiku huo niliwasha taa ya cherehani nikaifumua kola yote, nikaupindua mshono ili ukingo wake ukae nje, nikauficha chini ya utepe mwembamba, na kwa ndani nikatia bitana ya kanga kuukuu ya bibi yako, iliyokuwa imefuliwa miaka mingi hadi ikalainika kabisa. Asubuhi ulivaa, ukajishika shingo mara mbili, ukaniangalia, ukaenda shule bila chozi.

Nami nikakwambia kabla hujatoka mlangoni: "Usimwambie mtu kwamba nguo yako imegeuzwa." Nimekupigia kelele mara nyingi, na zote nazijutia, lakini hakuna ninachokijutia kama maneno hayo niliyoyasema kwa sauti ya chini. Nilikuondolea maumivu na kukufundisha kuyaonea haya, yote kwa usiku mmoja.

Makaratasi uliyonitumia nimeyasoma kwa wiki tatu, mengine kwa msaada wa mwalimu jirani yetu. Humo nimekuta kwamba mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 ndio ulioitaja ngozi, masikio na pua kuwa sehemu ya kuutambua usonji, yaani mtu kuhisi kupita kiasi, au kutohisi kabisa, kitu ambacho wengine wanakipita tu. Mwongozo wa kabla yake haukuwa na kigezo hicho. Nilicheka peke yangu kibandani: shingo yako ilikuwa imewatangulia kwa miaka mitano. Tena nimekuta kwamba Leo Kanner, daktari wa Baltimore, Marekani, aliandika mwaka 1943 habari za watoto 11 wenye hali hiyo, na kati yao wasichana walikuwa watatu tu, na kwa miaka mingi baada yake vipimo viliendelea kutengenezwa kwa kuwatazama zaidi wavulana. Msichana aliyekaa kimya, aliyefaulu mitihani, aliyewaiga wenzake namna ya kucheka, nani angemwona? Walimu wako walikuwa wakiniambia kwamba wewe ni mtoto mtulivu mno, nami nikawashukuru.

Kuna jambo ambalo huyo jirani yetu alilichanganya, ikabidi nimrekebishe, nami naliandika hapa usije ukalichanganya utakapoulizwa na shangazi zako. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, pamoja na mumewe Arthur, walichapisha mwaka 1997 utafiti kuhusu watu wenye wepesi mkubwa wa kuhisi, na yeye alikadiria kwamba kati ya watu 100, 15 hadi 20 wako hivyo. Huo ni umbile tu, hauhesabiwi kuwa ugonjwa wala hauandikiwi cheti na daktari, na mtu anaweza kuwa nao bila usonji. Usonji ni jambo jingine, ingawa milango yao inapakana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao. Kwa hesabu hiyo nimewahi kuwapima na kuwashonea wengi nisijue, na sasa namkumbuka mteja mmoja aliyekuwa akiniletea kitambaa kile kile, rangi ile ile, kila mwaka, akisisitiza nisiongeze mfuko wala kupunguza kifungo. Nilimwita msumbufu.

Nirudi kwenye harusi ya shangazi yako mdogo, kwa sababu najua hujaisahau. Ulikuwa na miaka tisa. Watu walikutafuta nusu saa nzima, ukakutwa uvunguni mwa kitanda cha bibi yako, umejiziba masikio kwa mito miwili. Nilikuvuta mkono hadi ukumbini mbele ya wageni nikasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba mvua ikipiga bati unalala fofofo, iweje muziki wa harusi ukuue? Nilidhani nimekukamata kwa hoja isiyo na jibu. Jibu lilikuwepo. Mvua ya bati ina mpigo mmoja, haikushtukizi, na mtu akiwa ndani yake hadaiwi kitu. Harusi ile ilikuwa na maspika mawili ya kukodi, vigelegele vinavyolipuka bila taarifa, moshi wa udi, manukato ya wanawake hamsini, taa za kuwaka na kuzima, na mikono ya watu usiowajua inayokushika mashavu na kukutaka ujibu salamu. Bibi yako alinitazama tu akasema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Nilifikiri ananivunjia heshima mbele ya wakwe.

Baada ya hapo wakaja wenye dawa. Ulinyweshwa kombe, ukasomewa, ukapelekwa kwa mzee mmoja kule bara aliyesema una mtu kichwani. Dua siilaumu, na hata leo nakuombea kila alfajiri. Ninachokilaumu ni kwamba tulimwomba Mungu akubadilishe, na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo ukisikia. Mama yako naye hakusalimika. Walisema alipokuwa na mimba yako alipita pasipopitika, na wengine wakasema hakukubeba vya kutosha, ndiyo maana ulikuwa ukikwepa kukumbatiwa. Nilidhani ujinga huo ni wetu peke yetu, kumbe huko Marekani miaka ya 1950 na 1960 madaktari wenye majina makubwa waliandika kwamba usonji unatokana na mama mwenye moyo baridi kama jokofu. Aliyewapinga kwa hoja, katika kitabu alichokitoa mwaka 1964, ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Nilimsomea mama yako ukurasa ule. Hakusema neno, aliinuka akaenda kuchota maji ambayo hatukuwa tunayahitaji.

Ulinieleza kwamba kazini watu wanadhani huna hisia, kwa kuwa huwatazami machoni na hulii msibani. Mimi niliyekuona ukikaa siku tatu bila kugusa nyama kwa ajili ya beberu wa Idi uliyekuwa umempa jina, siwezi kuyasikiliza hayo bila kuudhika. Mtafiti mmoja wa Uingereza mwenye usonji, Damian Milton, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye usonji hupata shida kuwasoma wengine, na hao wengine nao hawajui kumsoma yeye, ila lawama huwa anabebeshwa mmoja. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka baba mmoja aliyekaa miaka ishirini akimsoma binti yake kichwa chini miguu juu.

Sasa nikwambie jambo la nyumbani. Unajua kwamba sikai barazani jioni, kwamba sokoni namtuma mwanafunzi wangu wa kazi, na kwamba redio ya kibandani ikizidi sauti mkono wangu unapoteza mstari. Mama yako alipomaliza kusikiliza maelezo yako alisema, "Hayo si ya binti yako peke yake." Sitafuti cheti katika umri huu. Lakini nimeanza kushuku kwamba niliichagua cherehani kwa sababu ya mlio wake ulio sawasawa, na kwamba ukali wangu kwako ulikuwa ukali wa mtu anayeona kitu chake mwenyewe kikitembea hadharani bila kufichwa.

Wapo wanaoandika kwamba hali yako ni karama, na kwamba watu wa aina yako wamependelewa kwa vipaji. Siwezi kukubaliana nao moja kwa moja. Kweli ulikuwa ukitambua pamba iliyochanganywa na nailoni kwa kuigusa tu, hata mimi nilikuwa nikikuletea kipande unihakikishie, lakini nimeiona pia shingo yako ilivyochubuka, na sitakuambia kwamba ile ilikuwa karama. Sioni kwamba ni lazima uwe na kipaji ndipo ustahili kukaa kwa raha. Yule mzee mwenye bega lililoshuka sikumdai aoneshe faida ya bega lake kabla sijamkatia koti.

Kinachonitia hofu ni hilo ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba kabla ya kila kikao unazifanyia mazoezi sentensi zako mbele ya kioo, hata pale pa kucheka, na ukirudi chumbani unalala gizani bila kula mpaka kesho yake. Wanaochunguza mambo haya wameona kwamba kujificha namna hiyo kwa muda mrefu kunaambatana na uchovu mkubwa, wasiwasi na sonona, na mimi nakumbuka mwaka wako wa pili wa chuo ulipokonda tukaambiwa ni vidonda vya tumbo. Nakuomba, kwa haki ya baba, uwe na watu wawili au watatu ambao mbele yao hufanyi mazoezi. Mkuu wako wa kazi mwambie tu kile unachokihitaji, kama meza iliyo mbali na mlango au ajenda kabla ya kikao. Habari ya usonji utamwambia siku ukiona anafaa kuambiwa. Ukiingiwa tena na ule mzigo wa mwaka wa pili usiuweke katika hesabu ya maumbile yako ukauvumilia, kwa sababu sonona ina matibabu yake. Rudi kwa yule mtaalamu, na utupigie saa yoyote, hata kama ni kukaa kimya kwenye simu. Kimya mimi nakiweza.

Kuhusu harusi ya kaka yako, tumeshazungumza naye pamoja na bibi harusi. Maspika yatakaa upande wa barabara. Chumba cha nyuma, kile cha bibi yako Mungu amrehemu, tumekipaka chokaa na kukitia pazia zito, na ufunguo wake utakuwa nao wewe peke yako. Ukitaka kuhudhuria akdi tu kisha uingie ndani, utaingia. Shangazi zako nimewaambia kwamba salamu yako ni ya mdomo, mashavu yako hayashikwi, na aliyetaka kuuliza kwa nini nikamjibu mwenyewe palepale, kwa jina la hali yenyewe, usonji, bila kushusha sauti.

Gauni lako nimeanza kulikata. Ni pamba tupu, nimeifua mara nne ili ilegee, haina lebo, na mishono ya shingo na kwapa nimeikalisha nje, safari hii bila utepe wa kuifichia; nimeitilia uzi wa dhahabu ili ionekane. Vipimo nilivyo navyo ni vya mwaka juzi, na mama yako anasema umepungua. Nitumie vipya vya bega, kifua na urefu wa mkono, na uniandikie kama shingo unaitaka ya duara au ya mraba.

Ni mimi baba yako.