Barua kwa mwanangu: kabla hujaifuta hiyo diski

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku umeninyima usingizi. "Mama, kesho naifuta Windows yote naweka Linux, mashine ipumue." Ukamalizia na kicheko. Sasa nakuuliza, na naomba unijibu bila kuzunguka: ripoti yako ya mradi iko wapi? Sijauliza imefika ukurasa wa ngapi. Nauliza iko wapi zaidi ya humo ndani ya hiyo laptopu.

Sikupingi. Nalisema mapema kwa sababu nakujua, ukisikia neno moja la tahadhari unaziba masikio. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yako imekataliwa na Windows 11, kwa hiyo kuhamia Linux, mfumo endeshi mwingine wa kuendeshea kompyuta, si wazimu. Nilimwambia baba yako kwa majivuno kabisa kwamba mtoto wetu hakukimbilia programu iliyokrakiwa, ametafuta kitu halali ambacho anaruhusiwa kukinakili, kumpa mwenzake na hata kufungua ndani aone kilivyoundwa. (Ile programu ya kuandikia iliyokuwa kwenye kompyuta ya hapa nyumbani ulipokuwa shule ya msingi, leseni yake tusiizungumzie.)

Ninachogombana nacho ni hiyo "kesho". Jumatatu unaondoka kwenda mafunzo kwa vitendo, ripoti hujakabidhi, halafu ndiyo siku uliyoichagua ya kufuta diski?

Kama ungeniuliza, na hukuniuliza, ningekwambia uanze na programu, mfumo endeshi ufuate baadaye. Watu wengi wanadhani ukitaka programu huria, yaani zile unazoruhusiwa kuzinakili na kuzifungua ndani, lazima kwanza uing'oe Windows. Si kweli. LibreOffice ya kuandikia, Firefox ya kuingilia mtandaoni, VLC ya filamu na GIMP ya picha zote zinakaa humo humo kwenye Windows bila ugomvi. Zitumie hizo mwezi mzima, mkono uzoee, ujue kipi kinakukera. Siku ukihama mfumo utazikuta programu zile zile zinakusubiri, na kitakachobadilika kitakuwa kidogo. Ofisini kwetu ndivyo tulivyofanya. Mihtasari ya vikao naiandika kwenye LibreOffice miaka yote hii, na wakubwa wanaoisoma hata hawajui nimetumia nini. Aliyehangaika ni yule aliyebadilishiwa kila kitu siku moja, akawa hajui kama kinachomsumbua ni mfumo au ni programu.

Sasa kwa kuwa utaandikia LibreOffice, sikiliza hili la walimu wako. Yenyewe huhifadhi kwa aina yake ya faili, odt. Mwalimu akitaka docx, ile ya Microsoft Word, chagua docx wakati wa kuhifadhi, halafu ufunge na uifungue tena uiangalie kwa macho yako: majedwali, namba za kurasa, mahali picha zilipokaa. Vitu hivyo hupenda kuhama vikitoka programu moja kwenda nyingine. Ukiona mistari imesogea, mara nyingi kosa ni la fonti. Faili iliyoandikwa kwa Calibri, mashine isiyo na Calibri huweka Carlito mahali pake. Carlito imepimwa makusudi ili upana wa herufi ulingane, lakini fonti nyingine hazina mbadala wa namna hiyo. Kama mwalimu hahitaji kuhariri, mpelekee PDF na mambo yaishe. Na humo kwenye mipangilio ya LibreOffice, upande wa kufungua na kuhifadhi, kuna sehemu mbili zinazokuhusu sana wewe: moja ya kujihifadhi kila baada ya dakika kadhaa, iweke tano, nyingine ya kutunza nakala ya toleo lililotangulia kila unapohifadhi. Ziwashe zote mbili. Hata hivyo hiyo nayo bado ni nakala iliyo ndani ya mashine ile ile, usije ukanijibu nayo.

Nilipokutembelea niliona uso wa kompyuta yako. Faili zimejaa hadi ukutani: "ripoti mwisho", "ripoti mwisho kabisa", "ripoti mwisho HII", na nyingine "ripoti mwisho HII 2". Nikakuuliza ipi ndiyo yenyewe, ukafungua mbili kabla ya kuipata. Mtoto anayejua kuandika programu za kompyuta! Anza jina la faili na tarehe, mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Na kidole kizoee Ctrl na S, ya kuhifadhi, kila unapomaliza aya. Ukikosea, Ctrl na Z inarudisha nyuma, usianze kufuta kwa hasira.

Sasa tuje kwenye flashi, maana hapo ndipo roho yangu ilipokaa.

Ili ujaribu Linux unapakua faili moja kubwa ya ISO, yenye mfumo mzima ndani yake, kisha unaiandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, ambazo nazo ni huria. Ukiikopi tu kama unavyokopi picha, mashine haitawaka nayo. Lakini hiyo Rufus ikianza kuandika inafuta kila kitu kilichomo kwenye flashi. Kila kitu. Inakuonya kwanza, ila nakufahamu unavyobonyeza "sawa" kabla hujamaliza kusoma sentensi. Je, flashi utakayoitumia ni ile nyekundu? Ile nyekundu ndiyo yenye picha za bibi yako, na sina hakika kama kuna mtu aliwahi kuzihamishia mahali pengine. Ulisema utafanya. Mimi pia nilisema nitafanya. Tafuta flashi nyingine, ya GB 8 inatosha, isiyo na kitu, na kabla ya kuandika chomoa flashi nyingine zote na diski za nje zibaki mezani, ili kwenye orodha lisionekane jina ambalo mkono unaweza kulibonyeza kwa bahati mbaya.

Na hiyo ISO uipakue kwenye tovuti ya wenyewe, si kwenye tangazo linalotangulia juu ukitafuta. Pamoja na faili wanaweka msururu wa herufi na namba, jumla yake 64, ambao ni kama alama ya kidole ya faili hiyo. Baada ya kupakua, kwenye Linux unaandika sha256sum na jina la faili, Windows nayo ina njia yake, unalinganisha msururu wako na wao. Ukitofautiana hata herufi moja, futa upakue upya. Usione ni urasimu wa mama yako. Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuwaelekeza watu kwenye ISO iliyopandikizwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine. Watengenezaji waligundua haraka na wakatangaza wazi, ila waliokwisha kuisakinisha walilazimika kuanza upya. Tena msururu uliowekwa kwenye tovuti iliyovamiwa nao unaweza kubadilishwa, ndiyo maana miradi mingi huutia na saini ya kidijitali. Hilo la saini utajifunza taratibu, kwa sasa anza na kulinganisha.

Ukishaiandika, washa mashine kutoka kwenye flashi. Kulingana na aliyeitengeneza utabonyeza F12, au F2, au Esc mara tu inapowaka. Hapo Linux inafunguka yote ikitokea kwenye flashi na kumbukumbu ya mashine, diski yako haiguswi. Usishangae ikiwa nzito kidogo, flashi si diski. Kaa humo jioni nzima. Jaribu Wi-Fi. Jaribu sauti, kamera, vitufe vya mwanga. Funga kifuniko ilale, kisha ifungue uone kama inaamka, maana mashine nyingine hapo ndipo zinapogoma. Fungua ripoti yako kutoka kwenye nakala, ndiyo, kutoka kwenye nakala, uone inavyosomeka. Kumbuka tu kwamba unachokiandika humo hupotea ukizima, labda ukihifadhi kwenye diski nyingine. Kipande hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwenye Linux: unaonja kabla ya kujifunga. Sijui kwa nini vijana mnakiruka.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hujalisikia. Laptopu nyingi za Windows diski yake huwa imefungwa kwa usimbaji hata kama mwenyewe hukuuwasha. Ukigusagusa mipangilio ya kuwashia, Windows inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Usipokuwa nao, vilivyomo ndani uvisahau. Angalia kwenye akaunti yako ya Microsoft kama ufunguo huo upo, uandike kwenye karatasi. Karatasi, si faili iliyomo kwenye laptopu hiyo hiyo.

Mbele ya safari, ukibonyeza sakinisha, utapita lugha, kibodi, saa, yote mepesi. Halafu unakuja ukurasa mmoja mtulivu tu, haupigi kelele, unakuuliza usakinishe pembeni ya Windows au ufute diski yote. Vidude viwili vya duara, kimoja juu ya kingine. Hapo ondoa mkono kwenye kipanya. Nenda kafungue nakala yako kwenye kompyuta ya rafiki yako, ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, ndipo urudi kuchagua. Faili kuonekana jina lake kwenye flashi haitoshi, nimeona watu wakifungua wakakuta ni njia ya mkato tu inayoelekeza kwenye diski ambayo wameshaifuta.

Kwa hiyo ripoti nataka iwe sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye diski ya nje au flashi, na kwenye barua pepe yako au hifadhi ya mtandaoni. Ukiitoa flashi, itoe kwa utaratibu, bonyeza kutoa kwanza, usichomoe kama unang'oa magugu.

Baba yako anasema nakutisha bure. Anasema VLC unayotazamia filamu ilianzia kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris mwaka 1996, na Linus Torvalds naye alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 pale Helsinki alipowaandikia watu mwaka 1991 kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Ni kweli, na ukitaka kujua, nafurahi sana unapoingia kwenye mambo hayo kuliko unapokesha na michezo. Ila yeye baba yako hajawahi kuandika ripoti akaipoteza, kwa kuwa hajawahi kuandika ripoti.

Ukishahamia, usinakili amri yoyote inayoanza na sudo kwa sababu mtu fulani ameiandika mtandaoni. Neno hilo linaipa amri mamlaka ya kugusa mfumo mzima. Soma kwanza kila kipande kinafanya nini. Programu zichukue kwenye duka la programu la mfumo wenyewe, masasisho yakija yakubali. Nywila ziweke kwenye KeePassXC, programu ya kutunzia nywila, na nakala ya faili lake uitunze pia. Nasema hivi huku nywila ya Wi-Fi ya hapa nyumbani ikiwa imebandikwa ubavuni mwa kabati, lakini hiyo ni ya baba yako.

Hapa tuko salama. Mdogo wako amehamia chumbani kwako, anasema ni kwa muda, ila ameshabadilisha pazia. Bomba la jikoni bado linavuja. Fundi amekuja, amelitazama, amelitikisa, ameondoka. Printa inakula karatasi mbili mbili, na kila mtu ananiambia tumngoje wewe, kama vile umesomea printa. Bibi yako anaulizia zile picha, anataka achapishiwe, moja ya babu yako amesimama na baiskeli. Sikumwambia chochote kuhusu flashi.

Kwenye mafunzo utakutana na ofisi yenye kompyuta zao na taratibu zao. Usifike siku ya kwanza ukaanza kuwahubiria Linux. Waulize wanatumia nini na wanahifadhi kwa aina gani ya faili, fuata hivyo, na mashine ya ofisi usiisakinishie kitu bila ruhusa. Nguo za kazi zipige pasi kabla hujasafiri, usitegemee utakuta pasi.

Nataka ujumbe mmoja leo kabla ya kulala, wenye mambo mawili: flashi ya rangi gani umeichagua, na umefungua nakala ya ripoti kwenye kompyuta ya nani. Na ile nyekundu mpe dereva wa mjomba wako Jumapili, ameshaahidi kuileta. Ifunge ndani ya bahasha na uandike jina langu, si la mdogo wako.

Mama yako