Barua kwa Kaka Hemedi, juu ya Sikitu

Kildare, Ayalandi

Kaka Hemedi,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui nyie huko, Mama na mguu wake, shemeji na watoto. Sauti uliyonitumia niliisikiliza zizini saa tisa usiku, nikairudia asubuhi nikidhani usingizi umenichezea. Dakika nne nzima unaeleza pikipiki, mkopo na ndugu wa kukudhamini. Halafu mwishoni, kama mtu anayetema kokwa ya chungwa: "Na yule ng'ombe tulimuuza, alikuwa hana faida tena."

Hana faida! Sikitu, kaka. Pesa yangu ya kwanza ya Dubai ile. Umesahau alivyoshushwa kwenye gari pale kwa Mzee Rajabu, mtamba anatetemeka, Mama akavua kitenge akamfunika mgongoni watu wakacheka? Ada ya Mwanaidi kidato cha kwanza mpaka cha nne ilitoka kwenye kiwele kile. Amezaa mara tatu, mimba ya nne akaitupa, basi, ukamwita mtu wa Pongwe aje na kamba.

Sasa mimi nitakusimulia habari ya farasi jike mmoja wa huku, nawe usiruke, soma mpaka mwisho.

Anaitwa Urban Sea. Wazee wa zizini wakimtaja wanashusha sauti, utadhani wanamtaja marehemu bibi yao. Sikumkuta, alikufa mwaka 2009 mimi bado nazoa mavi ya farasi Ngong Road, Nairobi, lakini habari zake nimezishika kuliko za ukoo wetu. Alizaliwa Kentucky, Marekani, mwaka 1989. Akiwa wa mwaka mmoja alinadiwa Deauville, Ufaransa, akaenda kwa faranga 280,000. Kwetu huo ni utajiri; kwa mnada ule wala watu hawakugeuza shingo. Akakimbia, leo anashinda, kesho anashindwa. Oktoba 1993 wakampeleka Paris, uwanja wa Longchamp, kwenye Arc de Triomphe, mbio ambazo kila mwenye farasi Ulaya anaziota. Walisimama farasi 23. Wacheza kamari walimweka 37 kwa 1, yaani ukitia elfu moja unakula elfu thelathini na saba, na bei hiyo hutolewa kwa sababu hakuna anayetarajia kuilipa. Mgongoni alikuwa na joki Eric Saint-Martin, mtoto wa Yves, ambaye mwenyewe alishazitwaa mbio hizo mara nne. Jike akashinda! Alimtangulia White Muzzle kwa shingo tu. Ilikuwa Jumapili. Wewe Hemedi ungekuwa ndiye mwenye mali, Jumatatu asubuhi ungeshapokea pesa za dalali.

Lakini mbio zile si kitu ukilinganisha na tumbo lake. Mtoto wake wa tatu, Galileo, aliyezaliwa 1998, alitwaa Derby ya Epsom, mbio kubwa za Uingereza, mwaka 2001, kisha akawa dume ambalo Uingereza na Ayalandi halijapata mfano siku hizi: mara 12 bingwa wa madume, yaani dume ambalo watoto wake wameshinda pesa nyingi kuliko wa mengine mwaka huo. Watoto wake watano wameshinda Derby hiyohiyo, na mmoja, Frankel, alikimbia mara 14 akashinda zote 14. Na mama mtu hakuzaa kila mwaka, kaka. Kuna misimu ilipita kapa. Kapa zile hakuna aliyeita mtu wa Pongwe.

Akiwa na miaka 17 akazaa Sea The Stars. Kinda hilo lilinolewa na John Oxx hapa Curragh, uwanda wa nyasi wanapofanyia farasi mazoezi. Ninapokwenda dukani kwa baiskeli napita kando ya nyasi zake. Mwaka 2009, kuanzia Mei hadi Oktoba, alishinda mbio moja kubwa kila mwezi, miezi sita mfululizo, ikiwemo Derby na, mwishoni, Arc ileile ya mama yake. Mama hakuona hata moja. Alikufa Machi mwaka huo, kwenye zizi la taifa hapa Tully, baada ya kumzaa Born To Sea. Miaka 20 alikuwa nayo na bado yuko leba.

Huko Tully nilikwenda siku ya mapumziko, nikakata tiketi kama mtalii. Wameisimamisha mifupa ya Arkle, farasi wa mbio aliyevuma zamani, kwenye makumbusho, mbavu zote na meno. Nikajisemea, wenzetu hata mifupa hawauzi.

Mimi mwenyewe kazi inanienda. Msimu huu nimepokea watoto 11 kwa mikono hii. Bosi akilala halali na wasiwasi nikiwa mimi zamu. Jike akikaribia, nchani mwa chuchu hutokea kitu kama nta ya mshumaa. Ukikiona, hutoki tena bandani. Namfunga mkia kwa bendeji, nazima taa kubwa, nakaa kwenye nyasi kavu kimya. Mtoto akitoka ni miguu mitupu, hajui aianzie wapi, anaanguka, anaanguka tena, na saa mbili hazijaisha kasimama ananyonya. Hiyo bendeji ya mkononi mwangu mliyoiona kwenye picha ni jambo dogo, mwambie Mama asihangaike. Baridi nayo ni baridi tu.

Kinachonisumbua ni harufu. Kinyesi cha farasi hakinuki kama cha ng'ombe, na alfajiri kukiwa na ukungu napata hamu ya kile cha kwetu, pamoja na moshi wa kuni za Mama na bada likisongwa. Ukimwambia mtu huku atadhani umeugua.

Na usinijibu kwamba ng'ombe si farasi. Wewe una nafuu kuliko wao! Kwa Sikitu unampigia simu fundi, anakuja na mrija wa mbegu ya dume kutoka kituo cha Usa River, kazi imekwisha. Kwa farasi wa mbio huku mrija ni marufuku; asipopandwa na dume mwenyewe, mtoto haandikwi kitabuni. Watu wanamsafirisha jike kwa lori kutoka nchi nyingine kumfuata bwana. Wewe ulishindwa hatua ishirini mpaka bandani.

Pikipiki nitakusaidia, wewe ni kaka yangu. Nusu nimemtumia Mama kwenye simu yake, atakupa yeye, na nusu nyingine ni baada ya kunitumia picha ya Kibibi akiwa amesimama bandani kwetu, na gazeti la siku hiyo liwe pembeni. Mtamba huyo asiguswe. Ni wa Sikitu, nyonga zilezile.

Jana usiku Mama kanipigia, kaniambia ambalo wewe hukuniambia: Sikitu alipigwa mbegu wiki sita kabla ya kuuzwa, na joto hakurudia. Huyo wa Pongwe ameondoka na wawili kwa bei ya mmoja.

Nitumie namba yake ya simu. Usimwambie niko Ulaya.

Mdogo wako,
Salimu