Kikao cha wahariri Alhamisi

Habari za jioni, wahariri wenzangu.

Tukutane Alhamisi saa 2 usiku kwa Zoom, tugawane miswada sita mipya ya jarida.

1. Kabla hujapokea mswada, sema kama una maslahi nao: mwandishi ni mwanafunzi wako, au kampuni yenye dawa inayochunguzwa kwenye mswada inakulipa. Hapo mpishe mwenzako.
2. Kila mswada upate wapitiaji wawili wasiotoka chuo cha mwandishi.
3. Utafiti wa wagonjwa usio na kibali cha maadili haupiti, hata uwe mtamu vipi. Kwa Tanzania, ulizeni cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au cha chuo.

Na jamani, mswada ni siri, tusiutume humu kundini!

Nijibuni "nipo" au "sipo" kabla ya Jumatano saa 10 jioni nipange mgawo. Asanteni.