Ushauri wa afya kwa simu usipimwe kwa idadi ya simu

Ndugu Mhariri,

Siku hizi kupiga simu kuuliza ugonjwa ni jambo la kawaida. Wizara ya Afya ina namba 199, m-mama, huduma ya usafiri wa dharura, ina 115 kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na baadhi ya hospitali binafsi zina namba zao. Tunachotangaziwa zaidi ni simu ngapi zimepokelewa. Hilo halituambii kama mama aliyejibiwa "mpe panadoli, umwangalie" alikuwa na mtoto wa kukimbizwa hospitali.

Makosa mengi huingia mwanzoni mwa mazungumzo. Anayepiga mara nyingi siye mgonjwa, na pengine hayupo naye: ni baba aliye kazini mkoa mwingine. Huyo aombwe namba ya aliyekaa na mgonjwa. Halafu ichukuliwe namba ya kurudishia simu na mahali alipo mgonjwa, hadi kitongoji, kwa sababu mtandao ukikatika hakuna pa kumtafuta. Kisha umri, na mara moja dalili za hatari, kabla ya kuuliza homa ilianza lini. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5: anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea, au haamki? Jibu moja baya linatosha. Kinachobaki kuzungumzwa ni usafiri. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa aende hospitali hata kama hayo mengine hayapo.

Kupumua ndiko kunakorukwa zaidi, ati mtoto haonekani kwa simu. Mama anaweza kuongozwa. Amfunue mtoto tumbo akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, aseme "hapo" kila tumbo linapopanda, na mpokea simu ahesabu kwa saa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, hiyo ni hatari. Kuhesabu robo dakika na kuzidisha kwa 4 hakufai, maana mtoto mchanga hupumua kwa kusitasita. Msimamizi anayembana mpokea simu amalize haraka ndiye anayeifupisha dakika hiyo ya kuhesabu.

Upande wa dawa, "kijiko kimoja" ni agizo la hatari. Dawa ya maji ya parasetamo ipo ya miligramu 120 kwa mililita 5, ipo pia ya 250 kwa mililita hizo hizo. Mpigaji asome maandishi ya chupa kwa sauti, ataje na uzito wa mtoto, ndipo apewe kipimo kwa mililita. ORS, chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, vivyo hivyo: ipo pakiti ya lita 1 na zipo ndogo zaidi. Pakiti ya lita 1 ikimiminwa kwenye nusu lita, mtoto anayeharisha anaongezewa chumvi badala ya maji.

Kabla ya kukata simu, "akizidiwa mleteni" haitoshi. Azidiwe vipi, mpaka saa ngapi, apelekwe wapi? Mpigaji ayarudie hayo kwa maneno yake mwenyewe, asipoweza, hajaelewa.

Tunaomba wenye huduma hizi wafanye mambo mawili. Kila wiki daktari asikilize sehemu ya simu zilizorekodiwa, hasa za walioambiwa wabaki nyumbani, na wagonjwa hao wapigiwe kesho yake kujua hali zao. Na mtu akipiga mara ya pili kwa mgonjwa yule yule ndani ya saa 24, apewe daktari moja kwa moja, asianzishwe upya na maswali yale yale.

Wauguzi wa idara ya dharura,
Dodoma