Barua kwa Mwanangu Kuhusu Nyumba ya Kiponda

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku Kiponda, mtaani kwetu Mji Mkongwe wa Unguja, hatujambo, alhamdulillahi, na mimi bado napanda ngazi hadi darini kila asubuhi, ingawa siku hizi napumzika kila ghorofa.

Nilipokupelekea picha ya nyumba ya jirani iliyoanguka, ulinijibu usiku uleule kwamba tumshukuru Mungu hakuna aliyeumia, na kwamba kwa vyovyote nyumba ile haikuwa yetu. La kwanza nimelipokea na nimeshukuru. La pili limenikaa moyoni, na nimeona nilijibu kwa barua, kwa kuwa ni maneno ninayotaka uyasome zaidi ya mara moja.

Mtaani watu wanasema nyumba ile imeangushwa na masika. Mimi niliyekaa ubavuni mwake miaka arubaini najua kwamba mvua ilimalizia tu kazi iliyoanza zamani. Wewe ulikuwa mdogo mlizamu wake wa darini, ule mfereji wa kutolea maji ya mvua, ulipovunjika, maji yakawa yanateremka ukutani badala ya kurushwa njiani. Ukuta ukaota ukijani, kisha mche wa mtini ukatia mizizi kati ya mawe, na hakuna aliyepanda kuung'oa ulipokuwa bado mwembamba kama kidole. Baadaye akaja mtu akaona ukuta unapukutika, akaupiga lipu ya saruji toka chini hadi juu. Ukawa unapendeza kwa miaka michache, na ndani ukaendelea kuoza.

Hapo nataka ufahamu vizuri, maana umewahi kuniambia kwamba saruji ina nguvu kuliko chokaa. Ina nguvu, lakini kwa nyumba nyingine. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na unene wake hupita nusu mita. Ukuta kama huo hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua likiwaka, mwaka baada ya mwaka, bila madhara. Ukiufunika kwa saruji, unyevu ulioingia hauna pa kutokea. Hupanda juu ukitafuta njia, na mwisho hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Boriti za mikoko hudumu muda mrefu sana zikiwa kavu, lakini zikishinda majini huoza kwa ndani huku kwa nje zinaonekana nzima. Ndizo zinazobeba sakafu zote, na ndizo zilizopima hata vyumba vyetu: ulikuwa ukiniuliza kwa nini ukumbi wetu ni mrefu na mwembamba, na jibu ni kwamba boriti haziruhusu chumba kuwa na upana wa zaidi ya mita tatu hivi.

Sasa nije kwenye neno lako kwamba haikuwa yetu. Ukuta wa upande wa chumba cha marehemu bibi yako ni ukuta mmoja na wao. Waliojenga hawakujenga miwili. Nyumba ya pili iliegemezwa ya kwanza, na boriti zao zimechomekwa kwenye mawe yaleyale yanayobeba boriti zetu. Kwa hiyo siku sakafu zao ziliposhuka, ukuta wetu ulipoteza mwenzake wa kuegemeana naye, na leo pana ufa unaoanza dirishani na kushuka hadi kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani bibi yako alichokuwa akiwekea Msahafu wake. Nimeupima: kidole changu cha shahada kinaingia hadi fundo la kwanza. Zaidi ya hapo, palikuwa na kile kivuko cha ghorofa ya pili kilichovuka kichochoro pale nyumba zetu zisipogusana, ambacho bibi yako na wanawake wa nyumba ile walikuwa wakikipita kwenda kujuliana hali bila kushuka njiani. Mimi mwenyewe nilipoletwa bibi harusi nilivushwa hapo. Kwetu sasa umebaki mlango ulioning'inia hewani, nami nimeukomea kwa mti ili wajukuu wasiufungue.

Unakumbuka nilivyolia siku ya Ijumaa, tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka ikiwa katika matengenezo na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Jumba lile Sultani Barghash alilijenga 1883. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 ililibomoa jumba la Beit al-Hukm lililokuwa pembeni yake, lenyewe likabaki limesimama. Halafu likaanguka siku isiyo na vita, na miaka kadhaa kabla ya hapo sehemu ya roshani zake ilikuwa imeshaporomoka, kila mtu akiona. Ikiwa jumba linalojulikana dunia nzima, ndani ya mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, limeweza kufikia hapo, basi nyumba ya kawaida ya Kiponda isiyo na jina italindwa na nani kama si wanaolala ndani yake?

Sitaki udhani kwamba nalaumu watu wa zama fulani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilikuwa mikononi mwa Serikali, na waliopewa kukaa humo walikuwa watu wenye haki ya kuwa na paa juu ya vichwa vyao. Lakini nyumba iliyojengewa ukoo mmoja ikagawanywa kwa familia nne au tano, kila moja na jiko lake na maji yake, kodi ikawa ndogo isiyotosha hata kununua chokaa, na anayekaa akawa anamngojea mwenye mali huku mwenye mali akimngojea anayekaa. Siku hizi zimekuja hoteli. Nakiri kwamba baadhi yake zimeokoa kuta ambazo zingekuwa vifusi, na milango ya nakshi inayong'arishwa misumari yake ya shaba ni bora kuliko milango iliyong'olewa na kuuzwa. Lakini kila chumba cha mgeni kinatiwa bafu lake, hata ghorofa ya tatu, na kuta hizi hazikujengwa kubeba maji yote hayo. Tena mtaa uliojaa wageni wa siku mbili hauna mtu wa kugundua kwamba mlizamu wa jirani umevunjika.

Kwetu sisi ugonjwa ni mwingine, na ndio hasa ulionifanya nishike kalamu. Nyumba hii ni urithi wa watu kumi na mmoja. Nimewahesabu: watatu wako hapa Unguja, wengine wametawanyika kama wewe. Kila mmoja ana fungu lake la kisheria, na kwa kuwa ni dogo, kila mmoja anaona matengenezo ni kazi ya mwenye fungu kubwa. Binamu zako wawili wameshaniambia kwamba, kwa kuwa ufa umeonekana, tuuze kabla haujapanuka, na aliyetaka kununua amesema wazi kwamba anataka kiwanja. Nimewajibu kwamba siwezi kuwazuia wasiuze fungu lao, ila nitawauliza wengine kwanza, na wewe ni wa kwanza ninayemuuliza.

Fundi niliyemwita ni mzee aliyejifunza kazi kwa baba yake. Amegonga ukuta wote kwa kipini cha nyundo na kusikiliza, kisha amesema boriti saba zibadilishwe, ukuta uegemezwe kwa magogo upande wa kifusi, lipu ya saruji iliyo chini ya ngazi ibanduliwe yote, na ufa ujazwe kwa mawe na chokaa, si vinginevyo. Maombi ya kibali nimeshayapeleka Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kazi hii haifanyiki wakati wa mvua, kwa hiyo tuna kipupwe hiki tu kabla ya vuli kuingia.

Ninayoyataka kwako ni mawili. La kwanza ni neno lako la maandishi kwamba fungu lako haliuzwi, ili niwaoneshe wenzako. La pili ni mchango wako wa boriti, kwa kadiri Mungu alivyokuwezesha, na usinitumie fedha za saruji.

Chokaa nimeshainunua. Imo shimoni uani, tumeimwagia maji na kuifunika kwa makuti, na fundi amesema isiguswe mpaka mwezi upite. Nijibu kabla haijawa tayari.

Ni mimi mama yako,
Kiponda, Unguja